Kabla hujaamini alama za programu ya kutabiri miundo ya protini

Mtu akiniletea programu mpya ya kutabiri miundo ya protini, yaani maumbo yake ya pande tatu, siulizi kwanza imepata alama ngapi. Namuuliza protini za kuipimia alizitoa wapi. Programu iliyokwisha kuona jibu ilipokuwa ikifunzwa haijatabiri kitu, imekumbuka tu.

Basi tafuta data iliyoifunza inaishia tarehe gani. Kwa AlphaFold2, programu mashuhuri ya aina hii, ni 30 Aprili 2018. Chukua kutoka Protein Data Bank, hifadhi ya miundo iliyopimwa maabara, miundo iliyotolewa baada ya hapo. Hata hivyo tarehe peke yake haitoshi, kwani protini mpya yaweza kuwa ndugu wa karibu wa ya zamani. Linganisha mifuatano ya asidi amino, vijenzi vinavyoungana kuwa protini. Zinazofanana na za zamani kwa zaidi ya asilimia 30 mimi huziweka kundi la peke yake na kuziripoti kando. Ndiyo maana nayaheshimu sana majaribio ya CASP, ya kupima programu za kutabiri miundo, yanayofanywa kila baada ya miaka miwili tangu 1994: washiriki hupewa mfuatano kabla muundo haujatangazwa.

Kwa upande wa vipimo, usiitegemee RMSD peke yake, yaani kipimo cha jumla cha umbali kati ya atomu zilizotabiriwa na za muundo halisi. Mkia mmoja uliokaa vibaya unaweza kuiharibu namba nzima ilhali kiini cha protini kiko sawa. Kipimo kingine, GDT_TS, kinavumilia zaidi: huhesabu asilimia ya kaboni alfa (kaboni ya katikati ya kila asidi amino) zilizo ndani ya angstromu 1, 2, 4 na 8 kutoka mahali pake (angstromu moja ni sehemu moja ya bilioni kumi ya mita), kisha huchukua wastani. Protini ikiwa na sehemu mbili zilizoungwa kwa kiungo kinachopinda, tumia kipimo cha lDDT, ambacho hulinganisha umbali kati ya atomu bila kulazimisha miundo miwili ilaliane.

Sasa pLDDT, alama ambayo programu kama AlphaFold2 hutoa pamoja na utabiri wake. Hiyo ni imani ya programu kwa jibu lake yenyewe, si kipimo cha ukweli! Ichore dhidi ya lDDT halisi uone kama vinakwenda pamoja.

Wastani nao huficha mengi. Panga protini moja moja, kisha zifungue zilizoshindwa vibaya kwenye ChimeraX, programu ya kutazama miundo, juu ya muundo wa maabara. Angalia pia ubora wa muundo huo wa maabara: ukali wake wa kuonyesha vitu vidogo (resolution) ukiwa wa angstromu 3.5, minyororo mingi ya pembeni, yaani sehemu za asidi amino zinazochomoza kando, haionekani vizuri, na hapo usiikate programu alama kwa sababu ya minyororo hiyo.