Mpe mhusika wako haja ya kuwahitaji wenzake

Kwenye kundi la kuigiza kwa maandishi, ambako kila mmoja huandika ujumbe kwa niaba ya mhusika wake, mhusika husahaulika mara nyingi kwa sababu hamhitaji mtu. Ana nguvu zote na huzuni ndefu ya utotoni, lakini wenzake hawana pa kumshikia. Kabla ya sura na mavazi, mpe haja asiyoweza kuitimiza peke yake, pamoja na siri inayomzuia kuomba msaada.

Tuseme Kombo ni mchuma karafuu wa Wete, Pemba. Msimu umefika, deni la dukani linamngoja, na tangu tawi lilipomkatikia (matawi ya mkarafuu ni mepesi kuvunjika) anaogopa kupanda. Hajamwambia mtu. Hapo mwenye duka ana kazi, mchumaji mwenziwe, Hamad, ana kazi, hata mtoto anayeokota karafuu zilizoanguka chini anaweza kuigundua siri.

Utambulisho usizidi mistari mitano. Yaliyobaki yatoke kidogo kidogo mchezoni. Katika usemi chagua alama moja, mathalani kujibu swali kwa swali, na usiitumie kila ujumbe. Kipemba, lahaja ya Kombo, kikiandikwa mwanzo hadi mwisho huwachosha wasiokijua. Maneno mawili matatu yanatosha kabisa.

Na kila ujumbe uishie pahala mwenzako ana la kufanya: “Kombo aliushika mkarafuu, akaangalia juu, akasita.” Usiandike kwamba Hamad alimcheka. Hilo aliandike anayemwigiza Hamad, kwani ukimwamulia mara mbili tatu ataacha kukujibu.