Ombeni tiba shufaa mapema

Mgonjwa anapogundulika kuwa na maradhi yasiyotarajiwa kupona, kama saratani iliyosambaa au moyo uliodhoofika sana, ulizieni mapema tiba shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia mgonjwa maumivu na mateso ya maradhi, huku matibabu mengine yakiendelea, kwa sababu kuiomba hakumaanishi kwamba madaktari wamekata tamaa. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2010 kuhusu saratani ya mapafu iliyosambaa ulionyesha kwamba waliopewa huduma hii tangu mwanzo waliishi kwa nafuu zaidi, na kwa wastani waliishi muda mrefu kuliko wenzao.

Kabla ya kwenda kliniki, andikeni kwenye daftari maumivu huanza saa ngapi, yana ukali gani kati ya 0 na 10, na yanamzuia kufanya nini: kulala, kula, au kuinuka kwenda msalani. Akiandikiwa mofini, dawa kali ya kutuliza maumivu, ulizeni papo hapo dawa ya kulainisha choo, maana mofini hufunga choo kwa watumiaji wengi, na wapo wanaoiacha kwa kero hiyo wakarudi kwenye maumivu, jambo linalosikitisha kwa kuwa linazuilika. Mwulizeni pia mgonjwa mwenyewe, angali na nguvu za kuzungumza, anahofia nini na angependa nani amsemee atakaposhindwa.