Kuelezea spishi mpya ya krasteshia wa pangoni

Chukua vielelezo vichache tu. Viumbe hawa, wa jamii ya kamba na kaa, huzaana polepole, na pango likishakombwa halijai upesi. Vitumbukize papo hapo kwenye ethanoli ya 95% (formalini huharibu DNA), kisha uibadilishe kesho yake, maana maji ya mwilini huizimua.

Weupe na upofu visikuhadae: hujitokeza katika koo nyingi zisizohusiana, kwa sababu ya giza. Tofauti halisi zitafute kwa hadubini kwenye antena, sehemu za mdomo na miguu, kwa dume na jike. Chora kila kiungo pamoja na mstari wa kipimo. Linganisha na spishi zote za jenasi hiyo, pia kwa jeni ya COI (kipande cha DNA kinachotumika kutofautisha spishi).

Holotaipu, yaani kielelezo kinachobeba jina la spishi, ni kimoja tu, kiwekwe makumbusho kwa namba yake. Chapisho la kielektroniki lisiposajiliwa ZooBank (rejista rasmi ya majina ya wanyama) kabla ya kutoka, jina halitambuliki.