Kurekodi maana za majina ya mahali Nairobi

Rekodi sauti kwanza, maana ije baadaye. Majina mengi ya hapa yalipita mikononi mwa wapimaji wa kikoloni, kwa hiyo tahajia ya kibao cha barabarani si ushahidi.

Keti na mzee anayezungumza lugha ya jina hilo, mbali na kelele za matatu, simu ikiwa sentimita 20 hivi kutoka mdomoni. Tumia faili ya WAV (sauti isiyobanwa), 44.1 kHz, biti 16, mono. Dakika moja hula kama megabaiti 5. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp haufai kuhifadhiwa, kwa sababu sauti imebanwa. Mwombe alitaje jina peke yake mara tatu, kisha katika sentensi mbili: likiwa kiima, halafu likiwa yambwa. Katika Kimaasai toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti, ndiyo inayotenganisha hizo mbili, na ukirekodi umbo moja tu hutajua ni lipi ulilopewa.

Uliza, “Mzee, hapa mnapaitaje, na kwa nini?” Ukiuliza, “Ni kweli maana yake ni hii?” wengi watakubali kwa heshima tu, na rekodi hiyo haina thamani.

Omba jina kamili. Enkare Nairobi ni maji baridi, lakini ramani ilibakiza neno la pili tu. Kwa hiyo nukta yake kwenye ramani iwe mtoni, si kwenye stesheni ambako reli ilifika 1899. Kosa la kuweka nukta kwenye stesheni au stegi ya matatu, badala ya mahali jina lilipotoka, liko kila mahali, nasi tunalipiga vita, kwa kuwa jina likihamishwa hivyo huwezi tena kulipima dhidi ya ardhi. Kileleshwa imetokana na kichaka cha leleshwa: tafuta ukingo ambao haujajengwa, ukikikuta kichaka hicho geuza jani, upige picha upande wa chini ulio mweupe, kisha ulisugue unuse harufu yake ya kafuri.

Andika GPS kwa desimali 5, takriban mita moja. Latitudo ya Nairobi ni hasi, karibu -1.29, ukisahau alama ya kutoa, nukta inarukia Samburu, upande wa Maralal. Ramani za zamani za 1:50,000 zinatumia Arc 1960, mfumo wa zamani wa kupima mahali, ambao hupishana na GPS ya simu kwa karibu mita 300. Badilisha mfumo kabla ya kulinganisha.

Usidhani kila jina ni la Kimaasai au Kikuyu. Kibera ni Kinubi, kibra, msitu, waulize Wanubi. Kariokor ni Carrier Corps, wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia, ilivyosikika masikioni mwa watu wa hapa.

Maana zikipingana, andika zote, kila moja na lugha na mtaa wa msemaji. Ridhaa yake, inayozungumziwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, irekodiwe mwanzoni mwa faili, na jina lake likae kwenye faili nyingine.