Namna ya Kujaza Fumbo la Maneno la Gazetini

Fumbo la maneno la gazetini, ambalo wengi huliita chemshabongo, huonekana kama mtihani wa kujua mambo mengi, na kwa sababu hiyo wanaoanza hukata tamaa mapema. Anayelimaliza si lazima awe amesoma kuliko aliyeshindwa. Mara nyingi amejua tu kuzitumia vizuri herufi zilizokwisha kupatikana. Neno la kwenda kulia hukatana na la kwenda chini, na kila yanapokatana jibu moja hulithibitisha au hulikanusha jingine. Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool, alipochapisha fumbo lake katika gazeti la New York World tarehe 21 Desemba 1913, umbo lake lilikuwa la almasi na katikati palikuwa patupu, tofauti kabisa na majedwali ya mraba tunayoyaona leo, lakini kanuni ya kukatana ilikuwapo tayari. Anayeielewa kanuni hiyo amekwisha kuvuka sehemu kubwa ya ugumu.

Tumia penseli laini, kwa kuwa karatasi ya gazeti ni nyepesi na huchanika ukiikandamiza au ukifuta kwa nguvu. Likunje gazeti, uliweke juu ya kitu kigumu, na uandike kwa herufi kubwa zilizo wazi. Wapo wanaojivunia kujaza kwa kalamu ya wino, nami sioni faida yake, kwa maana fumbo zuri limetungwa makusudi ili ujaribu, ufute na ujaribu tena.

Usilazimike kuanza na dokezo namba moja. Soma madokezo yote, kwanza ya kwenda kulia kisha ya kwenda chini, ukijaza yale tu ambayo huna shaka nayo hata kidogo. Madokezo ya kujaza pengo ndiyo mepesi zaidi: anayeona “Haraka haraka haina…” na visanduku sita huandika BARAKA bila kufikiri. Ukishapata jibu moja la uhakika, usikimbilie upande wa pili wa jedwali, bali jaribu kila neno linalolikata. Fumbo hujazwa vizuri likisambaa kutoka kona moja, kwa sababu kila neno jipya huwa limeshapewa herufi moja au mbili na yale yaliyotangulia.

Shida kubwa ya kwanza utakayokutana nayo ni dokezo lenye majibu mawili ya urefu mmoja. Dokezo likisema “Mnyama mwenye mkonga”, na visanduku vikiwa vitano, TEMBO anaenea na NDOVU anaenea vilevile, wala hakuna kamusi itakayokuamulia. Anayeandika jibu lililomjia kwanza na kulikaza huona kona nzima ikimgomea, akaanza kuyatilia shaka hata maneno aliyoyapata kwa haki. Afadhali usubiri herufi moja tu ya neno linalokata. Hali huwa ngumu zaidi dokezo linapotaka neno la herufi nne lenye maana ya fedha, kwa sababu PESA na HELA zina E mahali pa pili na A mahali pa nne, na kwa hiyo kukatana katika visanduku hivyo hakusaidii kitu. Ni herufi ya kwanza au ya tatu pekee itakayotoa hukumu. Hapo nashauri uandike E na A peke yake, kwa kuwa ni za hakika katika hali zote mbili, na uache visanduku viwili vitupu. Kuacha nafasi wazi ni ustadi, na ni ustadi ambao wajazaji wengi huchelewa kujifunza.

Lugha yenyewe nayo hutoa msaada ambao haujaandikwa katika dokezo lolote. Maneno ya Kiswahili, isipokuwa baadhi ya majina ya watu na mahali na maneno machache ya mkopo, huishia kwa irabu, kwa hiyo kisanduku cha mwisho cha karibu kila jibu ni A, E, I, O au U, na ukiona konsonanti imetua hapo, chunguza upya neno lililoileta. Herufi C haisimami peke yake. Ikitokea, inayoifuata ni H, na unaweza kuiandika kabla hujalijua neno. Herufi N katikati ya neno, kama haifuatwi na irabu, mara nyingi hufuatwa na D, G, J, Y au Z. M mwanzoni mwa neno inaweza kufuatwa na konsonanti yoyote, kama katika MTI, MKATE na MLANGO, kwa hiyo usidhani umekosea kwa kuziona konsonanti mbili zikianza pamoja. Kumbuka pia kwamba ritifaa kwa kawaida haipewi kisanduku chake, hivyo NG’OMBE huchukua visanduku sita.

Sarufi ni msaada mwingine. Mtunzi makini huhakikisha kwamba dokezo na jibu vinakubaliana: “Keti” hutaka KAA, lakini “Kuketi” hutaka KUKAA, “Wanaosoma shuleni” hutaka WANAFUNZI, na mtu anayeuona wingi huo anaweza kuandika WA kwenye visanduku viwili vya kwanza hata kabla ya kulipata neno lote. Tahadhari inahitajika kwa nomino zisizobadilika katika wingi, kama vile NDEGE na KALAMU, ambazo humpoteza anayetafuta kiambishi kisichokuwapo.

Utagundua upesi kwamba maneno mafupi yenye irabu nyingi hujirudia, kwa sababu humsaidia mtunzi kuunganisha maneno marefu. UA, OTA, ARI, USO na ADUI ni miongoni mwa hayo. Baadhi yana maana zaidi ya moja, na mtunzi hodari hucheza nazo: jibu lilelile UA linaweza kudokezwa leo kwa “Hutembelewa na nyuki”, kesho kwa “Toa uhai”, na keshokutwa kwa “Wigo”. Dokezo linapokataa kabisa, jiulize kama neno ulilolisoma kuwa nomino si kitenzi, au kinyume chake. Swali hilo moja limenifungulia madokezo mengi kuliko ujuzi wowote wa miji mikuu na majina ya viongozi.

Yapo magazeti, hasa ya Uingereza, yanayochapisha mafumbo ambayo dokezo lake huficha mchezo ndani ya sentensi ya kawaida. Katika mtindo huo maana halisi ya jibu huwa mwanzoni au mwishoni mwa dokezo, na maneno yaliyobaki ni maelekezo ya namna ya kulijenga. Chukua mfano huu wa herufi nne: “Lima ovyo upate utajiri”. Maana ni “utajiri”, neno “ovyo” linaagiza kuvuruga, na herufi za LIMA zikivurugwa hutoa MALI. Kwa herufi hizohizo mtunzi angeweza kuifikia IMLA. Kosa la anayeanza ni kuifuata picha ya shamba na jembe iliyochorwa na sentensi, ilhali kazi yake ni kuisahau picha hiyo na kuliangalia kila neno peke yake.

Chunguza pia umbo la jedwali. Katika mtindo wa Marekani kila herufi imo ndani ya maneno mawili, kwa hiyo neno usilolijua linaweza kujijaza lenyewe kutokana na yanayolikata. Katika mtindo wa Uingereza takriban nusu ya herufi tu ndizo hukatwa, na nusu nyingine huna budi kuzipata kwa dokezo. Gazeti la New York Times, lililoanza kuchapisha fumbo tarehe 15 Februari 1942, hupanga mafumbo yake yawe magumu zaidi kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi. Kama gazeti lako lina mpangilio wa namna hiyo, jifunzie siku zilizo nyepesi. Usijipime kwa saa. Mwaka huohuo wa 1942 Daily Telegraph la London liliandaa shindano la kumaliza fumbo kwa dakika 12, na baadhi ya walioshiriki wakaitwa baadaye kwenye kazi ya siri ya kuvunja misimbo huko Bletchley Park, lakini kwa msomaji wa kawaida haraka humnyima sehemu iliyo tamu.

Na sehemu iliyo tamu kuliko zote huja baada ya kukwama. Umelitazama dokezo hadi maneno yake yakapoteza maana, ukaliweka gazeti kando, ukafanya mengine. Unaporudi, jibu linakuja mara moja, na unashangaa lilikuwa limejificha wapi. Kwa ajili ya furaha hiyo nakusihi usiifungue kamusi mapema. Itumie kwanza kuthibitisha neno unalolidhani, na kulitafuta usilolijua pale tu njia nyingine zote zimekwisha.

Lipo hata hivyo kero moja lisilo kosa lako: majina mawili ya watu au mahali usiyoyajua yanapokatana. Hapo hakuna hoja itakayokutoa, na mtunzi ndiye wa kulaumiwa. Weka herufi inayoelekea zaidi, ambayo mara nyingi ni irabu, hasa A, uizungushie duara dogo, na uendelee na mengine. Suluhisho likichapishwa katika toleo linalofuata, anza kulisoma kwenye duara hilo, kisha pitia kila neno ulilolikosa ukiwa na dokezo lake mbele yako. Ikiwa suluhisho halilingani na idadi ya visanduku au namba zimepishana, kama inavyotokea wakati mwingine katika uchapaji, waandikie wahariri, ukitaja tarehe ya toleo na namba ya dokezo.