Mtaro wa shamba: pima kwa mpira, si kwa jicho

Mimi ni fundi wa mawe, kazi yangu kuta na sakafu. Shemeji yangu alipoanza mchicha kule Mwakirunge aliniita nimchimbie mtaro wa mita 60 kutoka bwawani. Nilipima kwa jicho, nikachimba siku mbili. Tulipofungulia, maji yalifika katikati yakalala. "Fundi, maji yako yamechoka," akasema, akacheka. Mimi sikucheka.

Basi chukua mpira mweupe wa kupimia levo, ule unaoonyesha maji ndani. Piga vigingi kila mita 10. Mwenzio ashike ncha moja kwenye kigingi cha juu, wewe ya pili kwenye kinachofuata. Toa viputo vyote vya hewa, maana kimoja tu kikibaki mpira utakudanganya. Maji yakitulia, tia alama pande zote mbili, hapo pamelingana. Kwenye kigingi cha chini shuka sentimita 3, tia alama mpya, na kutoka hiyo uendelee na kigingi cha tatu. Funga uzi kwenye alama za mteremko, kisha chimba kitako, yaani sakafu ya mtaro, kiwe kina kilekile chini ya uzi mwanzo hadi mwisho.

Kwa nini sentimita 3? Kwenye mtaro mdogo wa udongo, maji yakienda chini ya sentimita 30 hivi kwa sekunde, matope hutua na majani huota. Yakizidi 60 kwenye mchanga, huanza kula kitako. Mteremko huo kwetu uliyaweka katikati.

Kitako cha upana wa sentimita 20 kinatosha. Kingo zilaze: udongo unaoshikana, kila sentimita 1 ya kwenda juu toka nje 1, mchanga, toka nje hata 2. Kingo zipite usawa wa maji kwa sentimita 15.

Kupima maji hakutaki mashine. Tupa kifuniko cha chupa, hesabu sekunde za mita 10. Chetu kilichukua 25, yaani mita 0.4 kwa sekunde. Juu maji hukimbia kuliko chini, kwa hiyo zidisha kwa 0.8, upate 0.32. Mtaro wetu una upana wa wastani wa mita 0.3 na maji ya kina cha mita 0.1: zidisha vyote, ni karibu lita 10 kwa sekunde. Ekari moja ikihitaji milimita 5 kwa siku ni kama lita 20,000, dakika 35 hivi. Hiyo ni hesabu ya karatasini. Kwenye mchanga mengi hunywewa njiani, sisi huacha wazi saa nzima.

Ardhi ikianguka ghafla usiongeze mteremko. Jenga ngazi ya mawe, na chini yake kidimbwi kilichotandikwa mawe, maji yavunje nguvu zao hapo. Hapa ndipo nilipoaibika mara ya pili. Ukuta wangu ulikuwa mzuri, saruji safi, lakini niliuishia pale kingo zinapoanzia. Wiki moja tu maji yakauzunguka, ukabaki umesimama peke yake kama mlango usio na nyumba. Uingize ukuta ndani ya kingo, nusu mita kila upande, na msingi ushuke chini ya kitako, maana maji hutafuta pa kupenya.

Pa kugawia maji kwa wawili, weka matundu mawili ya upana mmoja, na vizingiti vyake uvipime kwa mpira uleule. Kimoja kikiwa chini kidogo, yakhe, majirani hawatasalimiana.

Kabla ya masika, kata pengo la mawe kwenye ukingo upande usio na mimea, chini kidogo ya ukingo wenyewe, maji ya ziada yatokee hapo. Siku ya kwanza fungulia nusu ya maji tu, utembee nayo ukiwa na beleshi mkononi. Palipotota nje ya ukingo, shindilia udongo wa mfinyanzi papo hapo.