Kuombea shule bweni la wasichana kwa wafadhili wa nje: maandalizi ya Mtwara na Lindi

Ubalozi wa Japani una msaada wa miradi midogo ya jamii. Una kikomo cha fedha kwa kila mradi, na kazi inatakiwa ikamilike ndani ya mwaka. Halmashauri na asasi zisizo za kibiashara zinaweza kuomba. Mtu binafsi hapana. Msaada huu hulipia majengo na vifaa vya kudumu. Mishahara, chakula na gharama za uendeshaji haulipi, na hapo ndipo maandiko mengi ya kuomba bweni yanapokwama: kurasa nzima zinaeleza jengo, lakini matroni atalipwa na nani haijulikani.

Basi anzeni na uendeshaji. Pateni barua ya mkurugenzi wa halmashauri inayotaja matroni, mlinzi na umeme vitalipiwa kwa fungu gani. Wazazi nao wakubaliane kuhusu chakula kwenye kikao chenye muhtasari uliosainiwa. Bweni lisilo na matroni hufungwa, na binti anarudi kupanga chumba mtaani, jambo lilelile tulilotaka kumwepusha nalo.

Kisha ardhi. Muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji uonyeshe mipaka ya eneo. Huku kwetu hesabuni pia mikorosho iliyomo, mti kwa mti, na jina la mwenye kila mti, maana ardhi inaweza kuwa ya shule na mkorosho ukawa wa mtu. Malipo au makubaliano yaandikwe kabla ya kuomba. Mikorosho mitatu iliyosahaulika inatosha kusimamisha msingi wakati mwaka wa mfadhili unaendelea kuhesabiwa.

Makadirio ya gharama yaandaliwe na mhandisi wa halmashauri, tena baada ya kufika eneo lenyewe. Msikubali makadirio yaliyonakiliwa kutoka wilaya nyingine. Saruji Mtwara inazalishwa hapahapa, lakini Newala na Tandahimba, juu ya uwanda wa Makonde, shida ni maji. Mfuko mmoja wa kilo 50 unahitaji lita 25 hadi 30 kuchanganyia zege. Mifuko 100 ni lita 2,500 hadi 3,000, bado hamjafyatua tofali wala kumwagilia. Tofali na zege vinyweshwe siku 7 angalau. Maji yakikatika siku ya tatu, tofali linavunjika pembe ukilibeba tu. Wekeni mstari wa maji ya boza, matangi na mifereji ya kuvunia mvua.

Vyoo viingie kwenye bajeti hiyohiyo: kwa shule, tundu moja kwa wasichana 20. Ongezeni chumba cha kujistiri wakati wa hedhi, chenye maji na kichomea taka. Ambatisheni ankara kifani (proforma, yaani bei kabla ya kununua) tatu za wauzaji tofauti, na ulizeni mapema nani atalipa kodi ya ongezeko la thamani (VAT), kwa sababu asilimia 18 isiyopangwa hula paa zima.

Ratiba ifuate mvua na korosho. Mchango wa fedha ukusanywe baada ya minada, kuanzia Oktoba. Nguvukazi ya kuchimba msingi msiipange wakati wa kupulizia mikorosho dawa ya salfa au kuokota korosho, hamtampata mtu. Paa liwe juu kabla ya mvua za Desemba.

Fedha ikiingia, kila risiti ipigwe picha siku hiyohiyo. Nakala moja ibaki shuleni, nyingine kwa mtendaji wa kijiji. Mkitaka kubadili chochote, hata aina ya bati, ombeni kibali cha mfadhili kwa maandishi kabla ya kununua.